Mbiu Ndani ya Tishu

Homa ya malaria haitengenezwi na vimelea. Sisi tuliokulia pwani tumezoea kusema malaria imenipiga, malaria imenipanda kichwani, kumbe anayetutetemesha saa saba mchana, jua likiwaka, ni mwili wetu wenyewe. Vimelea vikishakomaa ndani ya chembe nyekundu za damu huzipasua, nyingi kwa wakati mmoja, kila baada ya saa 48 hivi. Seli za kinga hukutana na mabaki hayo na papo hapo humwaga protini ndogondogo ziitwazo saitokini: TNF, intalukini-1, intalukini-6 na nyingine za ukoo huo. Hizo ndizo zinazoufikishia ubongo habari, ubongo ukapandisha joto. Hizo ndizo zinazoondoa hamu ya kula, zinazolegeza misuli, zinazofanya nyonga na magoti yaume hata mtu akashindwa kujigeuza kitandani. Aliyewahi kuugua malaria anazijua saitokini kwa mifupa yake, hata kama hajawahi kutajiwa jina.

Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Saitokini ni mbiu hiyo. Hupigwa palepale penye jambo, ndani ya tishu: kwenye ngozi iliyochomwa na mwiba, kwenye pafu lililoingiwa na kifua kikuu, kwenye utando wa goti. Nyingi husafiri masafa mafupi tu, kutoka seli moja hadi ya jirani, na kazi ikiisha nazo hutoweka. Ninachokitafakari hapa ni mbiu inayoendelea kulia wakati jambo halipo, au lilikuwepo likapita, na tishu ikaendelea kuitikia hadi ikaanza kujila.

Ninaishi Mikocheni, Dar es Salaam. Katika kata hii, Kiko Avenue, ziko ofisi za Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ndogo iliyofunguliwa na Waswisi kule Ifakara, katika bonde la Kilombero, mwaka 1957. Mwaka uleule, katika maabara ya Mill Hill, London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua utando wa kiinitete cha kuku, wakauwekea virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto, kisha wakaona kwamba majimaji yaliyotoka kwenye utando ule yaliweza kuzikinga seli nyingine zisiambukizwe. Kitu kilichomo kwenye majimaji hayo wakakiita intaferoni. Mambo haya mawili hayakujuana. Moja lilielekezwa kwa mbu na vimelea vya bonde hilo, jingine kwa kile ambacho tishu huambizana zinaposhambuliwa. Mimi nayaona kuwa ni habari moja, na jirani yangu ndiye aliyenifanya nione hivyo.

Ni fundi cherehani wa Mikocheni B, mama wa makamo ninayemwita dada. Alianza kwa kuamka na vidole vigumu. Hakuweza kushika mkasi wala kukuna nazi mpaka saa nne ya asubuhi, ndipo vidole vilipokubali kukunjika. Kisha vifundo vya mikono vikavimba, vyote viwili kwa pamoja, akawa na uchovu usioisha kwa kulala, na jioni homa ndogo. Alikokwenda kupimwa akapewa dawa mseto. Ikaisha, maumivu yakabaki. Akaambiwa ni taifodi, akapewa vidonge vingine; baadaye sindano za maumivu. Nyumbani wako waliosema baridi imemwingia kwa kukaa sakafuni, na wako waliomshauri aende kwa mganga kwa sababu mkono wa fundi haufi hivihivi. "Mdogo wangu," aliniambia siku moja, "nimeshakunywa mseto mpaka mwili unanuka dawa, na hiyo malaria yenyewe kipimo hakiioni."

Kipimo kilikuwa sahihi. Na aliyemwandikia dawa, ingawa alikosea, alikuwa anasikia mbiu ileile. Maumivu ya viungo, homa, uchovu, kukosa hamu ya kula: ukizitaja dalili hizi kwa mganga wa zahanati yoyote ya Kinondoni au Temeke, miaka yake yote ya kazi itamwambia malaria, kwa kuwa TNF na intalukini-6 zikishamwagika hazisemi zimechochewa na nani. Zinatoa dalili zilezile mchochezi akiwa ni kimelea au akiwa ni kiungo cha mgonjwa mwenyewe. Dada aligundulika kuwa na baridi yabisi alipopimwa kingamwili kwenye damu na kuonwa na daktari anayejua viungo, na wakati huo vifundo viwili vya vidole vilikuwa vimeshaanza kupinda.

Ndani ya kiungo chenye afya kuna utando mwembamba, unene wake seli moja hadi tatu tu, unaotoa ute wa kulainisha mifupa isisagane. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi utando huo hunenepa, hujaa seli za kinga, hutambaa juu ya gegedu na kuila, kisha huamsha seli zinazomega mfupa. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana ni saitokini ipi inayostahili kuzuiwa, maana zilikuwa nyingi mno na ilionekana kwamba ukizima moja nyingine zitaendelea na kazi. Marc Feldmann na Ravinder Maini, waliofanya kazi Charing Cross, London, walikwenda kuuliza tishu yenyewe. Walichukua seli za utando wa viungo vya wagonjwa, wakazitunza kwenye maabara, wakaona zinaendelea kutoa saitokini siku kadhaa bila kuchokozwa na kitu chochote. Walipoongeza kingamwili inayonasa TNF, intalukini-1 nayo ikashuka. Hiyo ilikuwa 1989. Kumbe mbiu zina mkubwa wao. Akinyamaza huyu, wengine hufuata. Mwaka 1992 walianza kuwapa wagonjwa wachache dawa ya kunasa TNF, na watu waliokuwa hawawezi kupanda ngazi wakapanda.

Nashikilia jambo moja katika kisa hiki: jibu lilikuwa ndani ya tishu. Damu inayochotwa mkononi hupita kila mahali, lakini haijui yote yanayotendeka gotini. Utafiti wa miaka ya karibuni umeongeza jingine la kushangaza zaidi. Faibroblasti, seli za kawaida za utando wa kiungo ambazo zamani zilidhaniwa kuwa ni za kujaza nafasi tu, hubadilika baada ya kupitia uvimbe. Uvimbe ukija mara ya pili mahali palepale, huitikia kwa haraka na kwa nguvu kuliko mwanzo. Ndiyo maana wagonjwa wengi hukwambia ugonjwa ukirudi unarudi kwenye kidole kilekile. Tishu hukumbuka.

Lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia, ni habari ya intaferoni. Ilidokezwa mapema na wagonjwa ambao hawakuwa na lupasi kabisa: mwaka 1990 madaktari wa Uppsala, Sweden, waliripoti mgonjwa wa uvimbe wa saratani aliyetibiwa kwa intaferoni akaanza kuonyesha ugonjwa unaofanana na lupasi. Molekuli iliyosherehekewa kwa kuzikinga seli za kuku dhidi ya mafua, ikipigwa bila kukoma, iliufundisha mwili kujigeuka. Mwaka 2003 timu tofauti za watafiti zilionyesha kwamba chembe za damu za wagonjwa wengi wa lupasi zimewasha jeni za intaferoni kana kwamba virusi vipo, na virusi havipo. Baadaye ikaonekana kwamba ngozi ya wagonjwa hao, hata pale pasipo na upele wowote, hutengeneza intaferoni yake yenyewe, hivyo mwanga wa jua ukiipiga huitikia kupita kiasi. Kwa msichana wa Temeke anayesubiri daladala mchana hili ni jambo la kila siku, si la vitabuni. Na kwa kuwa wekundu wa lupasi mashavuni, ambao vitabu vya Ulaya huuchora kama alama kuu, hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, jua linaweza kumuumiza miezi mingi kabla mtu hajashuku.

Kwa nini tumepewa mbiu kali kiasi hiki? Jibu lililo karibu nasi linatoka Kilifi, pwani ya Kenya. Mwaka 2010 watafiti waliokuwa wakifuatilia watoto wa huko walichapisha habari ya jeni iitwayo FCGR2B, inayotengeneza kipokezi cha kuzituliza seli za kinga. Kuna aina ya jeni hiyo ambayo kipokezi chake hakifanyi kazi vizuri, kwa hiyo kinga haitulii upesi. Watoto wa Kilifi waliorithi aina hiyo kwa baba na kwa mama walipatwa na malaria kali kwa uchache kuliko wenzao. Aina hiyohiyo, ilipochunguzwa kwa watu wa Asia na Ulaya, ilionekana zaidi kwa wagonjwa wa lupasi. Mtoto aliyenusurika karne nyingi zilizopita katika kijiji cha pwani alinusurika kwa sababu kinga yake ilikuwa ngumu kunyamaza, naye akazaa, na waliozaliwa wakazaa.

Uganda kuna mfano wa aina hiyo katika ugonjwa wa malale. Aina moja ya jeni ya APOL1 imeonekana kuwapunguzia watu hatari ya kuambukizwa malale ya Afrika Mashariki. Lakini jeni hiyo huwashwa pia na intaferoni ndani ya seli za figo, na kwa mtu aliyerithi aina hiyo pande zote mbili, figo huweza kuharibika upesi, hasa lupasi inapokuwa imeshafika huko. Nikisoma haya, sioni mwili ulioharibika. Naona mwili unaotii maagizo ya zamani mahali ambapo hayahitajiki, na ninapokaa na dada na kumsikia akijilaumu kwa kula hiki au kuacha kile, hilo ndilo ninalotamani alijue.

Brian Greenwood, akifanya kazi Ibadan, aliandika mwaka 1968 kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yalikuwa adimu hospitalini kwake, akauliza kama vimelea vinavyowasumbua watu tangu utotoni ndivyo vinavyoyazuia. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wa maabara waliozaliwa na mwelekeo wa kupata ugonjwa kama lupasi, wakiambukizwa malaria ya panya, ugonjwa huo hupungua. Ni wazo zuri, na wengine wamelibeba kwa urahisi kupita kiasi, wakasema Mwafrika hapati magonjwa haya. Anayapata. Wanawake waliohamia London kutoka Afrika Magharibi, walipohesabiwa mwishoni mwa karne iliyopita, walikuwa na lupasi mara kadhaa zaidi kuliko Waingereza wa asili ya Ulaya. Sehemu ya uadimu wa Ibadan inaweza kuwa ni malaria. Sehemu nyingine, naamini, ni wagonjwa waliokufa wakiitwa jina jingine.

Sasa malaria inaondoka polepole. Mwaka 2007 na 2008 karibu asilimia 18 ya watoto wadogo waliopimwa Tanzania Bara walikutwa na vimelea. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 8, na mijini ni wachache zaidi. Wapo watoto wa Mikocheni wanaomaliza shule ya msingi bila kujua mtetemo wa homa ile. Tunashukuru, na tuna haki ya kushukuru. Lakini jeni za Kilifi hazikuondoka pamoja na mbu, na mji umeleta vichocheo vyake.

Hilo la mji limepimwa hapahapa nchini. Godfrey Temba wa Moshi, pamoja na Quirijn de Mast na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, waliwachunguza Watanzania 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Waliokaa mjini walikuwa na kinga iliyoelekea zaidi kwenye uvimbe. Kilichonigusa zaidi ni jaribio moja ndani ya utafiti huo: walichukua majimaji ya damu ya watu wa mjini, wakayaweka kwenye seli za kinga nje ya mwili, na seli hizo zilipokutana na vijidudu baadaye zikatoa TNF nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba ndani ya damu yetu sisi wa mjini kuna vitu, vingi vikitokana na tunachokula, vinavyoziandaa seli kupiga mbiu kwa nguvu kabla jambo halijatokea. Mwaka 2025 kundi hilo likaja na jaribio la vijana wa kiume 77 wa Kilimanjaro. Wa kijijini walihamishiwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, wa mjini wakarudishiwa vyakula vya asili, na wengine wakanywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Chakula cha kizungu kilipandisha alama za uvimbe kwenye damu. Vyakula vya asili na mbege vikazishusha, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Hawa walikuwa wazima. Jaribio halikusema kwamba mbege inatibu baridi yabisi, na mtu akiacha dawa zake kwa ajili ya ulezi na ndizi atapoteza vidole. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimeshasikia habari hizi zikitembea mtaani zikiwa zimeongezwa chumvi. Uzito wake kwangu ni mwingine: wiki mbili tu za sahani tofauti zinabadilisha jinsi seli zinavyoitana, na watu wa Dar es Salaam wamekuwa wakila sahani hiyo tofauti kwa miaka mingi.

Dawa nazo zina historia inayotuhusu. Dada anameza haidroksiklorokwini pamoja na methotreksati, hii ya pili mara moja tu kwa wiki. Aliposikia jina la ile ya kwanza alishtuka. Kila aliyekuwa mtu mzima kabla ya 2001, mwaka Tanzania ilipoiacha klorokwini kwa sababu vimelea vilikuwa vimeshaizoea, anaukumbuka uchungu wake na ule muwasho wa kujikuna usiku kucha. Haidroksiklorokwini ni ndugu yake. Tangu 1894, J. F. Payne wa London alipowapa kwinini wagonjwa wa lupasi ya ngozi, dawa za malaria zimekuwa zikihamia upande huu. Huingia kwenye vifuko vidogo vyenye asidi ndani ya seli za kinga, pale seli inapochambua mabaki ya vinasaba, na kuizuia isiyachukulie mabaki ya mwili kuwa ni adui, intaferoni inapungua. Haizimi kinga. Ndiyo maana wagonjwa wa lupasi huimeza miaka na miaka, hata wakiwa wajawazito, wakipimwa macho mara kwa mara.

Prednisoloni ni tofauti. Hunyamazisha mbiu nyingi kwa pamoja, na kwa haraka, na kwa kuwa haraka hiyo hupendeza, wako wanaoinunua dukani bila cheti, wakavimba uso, wakapandisha sukari, mifupa ikadhoofu; wengine wakaiacha ghafla, jambo ambalo ni hatari zaidi. Dawa za kunasa TNF, zile za Feldmann na Maini, zina mtihani wake kwa nchi kama yetu. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia mojawapo ya dawa hizo, wengi wao kikiwa nje ya mapafu. Bakteria wa kifua kikuu huweza kukaa miaka ndani ya pafu, wamezungukwa na seli za kinga zilizoshikamana, na kinachozishikamanisha seli hizo ni TNF. Ukiinasa TNF mwili mzima ili kuokoa kidole, unaweza kuwaachilia bakteria waliolala kifuani. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Molekuli ileile moja inakula gegedu kwenye kifundo cha mkono na kulinda pafu, kwa mtu yuleyule, siku ileile. Kwa hiyo siamini kwamba tiba itakayotufaa ni ya kuzima mbiu kila mahali; tunahitaji kujua inavyopigwa katika kila tishu, na katika tishu za watu wanaoishi na magonjwa ya hapa.

Na hapo ndipo ninapopata uchungu. Sehemu kubwa ya vipande vya utando wa viungo na vya figo ambavyo vimefundisha dunia mambo haya vilitolewa kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Tishu zao hazijawahi kupita kwenye homa kumi za malaria kabla ya kuanza shule. Zetu zimepita. Kama faibroblasti hukumbuka uvimbe, basi kuna kumbukumbu ndani ya viungo vya watu wa pwani hii ambayo haiwezi kusomwa London.

Dada alizaliwa Kilwa, akaugua malaria utotoni mara zisizohesabika. Binti yake amezaliwa Mikocheni na hajawahi kuugua hata mara moja. Ningependa kujua homa zile zilizifundisha nini tishu za mama, na kama tishu za rika la binti, ambazo hazikufundishwa, ziko salama zaidi au ziko hatarini zaidi. Siku hizi kipande kidogo cha utando wa kiungo huweza kutolewa kwa sindano, daktari akiongozwa na picha ya ultrasaundi, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wagonjwa wa rika la mama wapo, na wa rika la binti wameanza kuja kliniki.